Chai ya saa 10 iliyotakiwa saa 4

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Napika chakula cha semina na vikao: chai ya asubuhi na vitafunwa, chakula cha mchana, na harusi mojamoja zikitokea. Nilianza mwaka 2017 na chupa mbili za chai na beseni la maandazi, nikiwauzia mafundi. Wakati huo serikali ilikuwa inahamia huku na kila kona kuna ujenzi. Leo nina wafanyakazi 6, majiko ya gesi, na bajaji ya kukodi ambayo dereva wake amekuwa kama ndugu.

Chakula changu hakina neno. Sijisifu, watu wenyewe wanakula na kumuulizia aliyepika. Tatizo hawarudi. Wananipa kazi mara moja, mara ya pili nasikia kapewa mwingine.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita ofisi moja ilinipa kazi ya chai ya watu 60. Dada anayeshughulika na vikao alituma meseji kwenye simu ya biashara, ambayo huwa namwachia kijana wangu wa oda: "Alhamisi chai na vitafunwa watu 60, 10:00, ukumbini kwetu." Kijana akasoma saa 10, akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp, "Alhamisi chai saa 10, watu 60." Mimi nikajibu kwa kidole gumba. Chai ya jioni si ajabu, kuna semina zinaenda hadi magharibi.

Alhamisi hiyo, saa 4 na dakika zake asubuhi, niko soko la Majengo nachagua nyanya, simu iko kwenye kikapu chini ya mchicha. Nilipokuja kuitoa nikakuta nimepigiwa mara 11. Watu 60 wametoka ukumbini na mezani hakuna kitu, vitambaa tu. Tulikimbizana, chai ikafika saa 5 na nusu. Walikuwa wameshakunywa maji na kurudi ndani.

Jioni nikamwandikia yule dada meseji ndefu. Nilimwambia samahani sana, ila na yeye hakuandika asubuhi, na sisi Waswahili saa 10 ni alasiri. Akajibu neno moja: "Sawa." Tangu siku hiyo kimya. Juzi nimepita pale nikaona chupa za chai za mtu mwingine.

Kijana nilimsema sana. Nilishangaa kwa nini hakuniuliza, maana huyuhuyu mwezi wa nyuma alikuwa ananipigia kila dakika kwa vitu vidogo, mpaka nikamwambia mbele ya wenzake kwamba asiyeweza kusoma meseji arudi kwao. Nilidhani ameelewa.

Kuna na mengine madogo. Nilibadilisha laini ya kupokelea pesa, nikawatumia wateja meseji: "Ile hela tuma kwa namba hii." Hakuna aliyetuma, na mmoja akanitukana. Halafu kwenye stetasi naweka picha za pilau, watu wanauliza bei, nawaambia njoo inboksi, wanapotea.

Rafiki yangu anasema nilipie kozi ya mawasiliano ya biashara, siku tatu kwa laki tatu, halafu nitengenezewe nembo. Aprili Bunge la bajeti linaanza na huo ndio msimu wetu. Nilipie?

Mpishi wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Usilipie. Sina ugomvi na kozi, na huenda ipo siku utaihitaji. Ila kwa sasa utatoka pale na daftari lenye maneno mazuri, urudi jikoni ukute kijana yuleyule bado anaogopa kukupigia simu.

Nianze na huyo kijana, maana barua yako yote umeiandika kwa utaratibu isipokuwa pale ulipomfikia yeye. Hapo umepita mbio. Unashangaa kwa nini hakuuliza, na mstari huohuo unaeleza kwamba ulimwambia mbele ya wenzake, asiyeweza kusoma meseji arudi kwao. Amesoma basi. Kaona 10, kasoma 10, kaandika 10. Alifanya hasa ulichomwagiza. Mtu akishaambiwa arudi kwao kwa sababu ya kuuliza, hatauliza tena hata nyumba ikiwaka, na wenzake watano waliokuwa wamesimama pale hawatauliza pia. Nadhani ile chai iliharibika siku hiyo, kabla hata yule dada hajashika simu kuandika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ngumu kidogo kwa mtu mwenye hasira za jikoni. Waite wote sita, mbele ya walewale walioshuhudia, umwambie kwamba ulikosea kumkemea. Usimwite pembeni. Ulimvunjia heshima hadharani, na pembeni hairudi. Kisha uwaambie kuanzia leo mtu akiuliza saa, tarehe au mahali, anajibiwa bila kuguna.

Najua utasema atakupigia kila dakika. Hilo nalo lina dawa, na bei yake ni ndogo. Nunua kaunta buku moja na karatasi ya manila ya kubandika ukutani jikoni. Kwa kila oda chora nafasi: siku na tarehe, saa, pamoja na neno asubuhi, mchana au jioni, idadi ya watu, wanakula nini, mahali, na jina la mtu wa kutupokea pamoja na namba yake, malipo yamefikia wapi. Nafasi ikiwa wazi, kijana anampigia mteja. Wewe anakupigia tu mteja asipopatikana. Simu nyingi ulizokuwa unazichukia zilikuwa maswali yasiyokuwa na mahali pa kukaa.

Sasa nije kwenye ile saa yenyewe.

Kabla sijafungua duka langu la vifaa vya ofisi nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi. Chuo cha Uhazili Tabora tulifundishwa hatimkato, yale maandishi ya vistari na vinundu ya kunasa maneno ya bosi kwa kasi anayosemea. Watu walidhani ugumu ni kasi. Kasi mtu unaizoea. Ugumu ulikuwa kumsomea bosi alichosema, maana wengine walikuwa wanaona kama unawapima. Bosi wangu wa kwanza alinisemea barua ya kuita kikao "siku ya Ijumaa". Nilipomaliza nikamsomea yote, nilipofika kwenye Ijumaa akanyamaza, akavua miwani, akaangalia kalenda ya ukutani. "Andika Alhamisi," akasema, na hatukulizungumza tena. Nisingemsomea, barua ingetoka na Ijumaa, watu wangekuja siku ambayo si yenyewe, na unadhani lawama ingekuwa ya nani?

Ndicho kilichokosekana kwenye simu yako. Meseji ilikuja, hakuna aliyeirudisha kwa mwenyewe aione. Ingetosha kumwandikia hivi:

"Habari za asubuhi dada. Tumepokea oda yako: Alhamisi tarehe 12, chai na vitafunwa kwa watu 60, iwe mezani saa 4:00 asubuhi, yaani 10:00 kwenye ratiba yenu. Ni ukumbi wa mjini au wa Mtumba? Ukinithibitishia tunaanza maandalizi."

Huyo dada angeisoma kwa sekunde kumi. Kama alitaka alasiri angesema. Na hapo kwenye Mtumba sijaweka pambo. Tangu mji wa serikali uanze, ofisi moja inaweza kuwa na watu wake huku na kule, na "ukumbini kwetu" ni maneno ya mtu aliyekaa ndani ya huo ukumbi. Kutoka Nkuhungu hadi Mtumba si pua na mdomo, tena na bajaji iliyobeba chupa za chai.

Ulichomwambia kuhusu Waswahili na saa 10 ni kweli tupu. Saa zetu tunazihesabu tangu kunapopambazuka, saa za ratiba zinahesabiwa tangu usiku wa manane, na tofauti ni sita kila siku ya Mungu. Lakini dada wa ofisini anaishi ndani ya ratiba. Ratiba za semina nyingi zinatoka kwa Kiingereza, simu yake inaonyesha 10:00, kalenda ya kompyuta inaonyesha 10:00, naye alinakili tu. Wala hakuandika "saa 10". Hilo neno saa liliongezwa jikoni kwako.

Na ujue kosa hili lilipita kwa sababu lilikuwa na akili. Angeandika chakula cha mchana 1:00, kijana angecheka na kuuliza, maana hakuna binadamu anayekula wali wa mchana saa 1. Makosa ya aina hiyo hujikamata yenyewe. Chai ya saa 10 alasiri inaingia akilini kabisa, ndiyo maana mlipita juu yake nyote wawili, wewe na kidole gumba chako. Oda ambayo haikushtui hata kidogo ndiyo ya kuisoma mara mbili.

Kidole gumba chenyewe nakuomba ukistaafishe kwenye mambo ya kazi. Hakisemi umesoma nini. Hata zile tiki za bluu zinasema meseji imefunguliwa, basi, na aliyezima hiyo alama hutaiona bluu hata akisoma mara tano. Na lile grupu ligawe: moja la oda peke yake, jingine la sala, misiba na vichekesho. Oda ya watu 60 isilale katikati ya tangazo la arobaini na video ya mtoto anayecheza.

Tuzungumze kuhusu "Sawa", maana umeiandika kama vile hukuielewa, na mimi nadhani uliielewa.

Sawa ya hapa kwetu ina matumizi mengi kuliko khanga. Kuna sawa ya nimesikia. Kuna sawa ya nimekubali. Kuna sawa ya sijaelewa ila naona aibu kuuliza, hiyo ndiyo ya wafanyakazi wako. Na kuna sawa ya mtu aliyemaliza na wewe, inayoandikwa peke yake, na nukta mwishoni. Ukipewa hiyo ya mwisho kwa meseji, weka simu chini ufunge safari. Kuandika zaidi ni kuchimba shimo.

Alikasirika nini? Chai kuchelewa ni sehemu ndogo. Mwangalie saa 4 na dakika 5: amesimama mlangoni, wageni 60 wanamtazama, bosi wake anamtazama, anakupigia mara 11 hupokei. Yeye ndiye aliyekupendekeza. Jioni, akiwa bado hajapoa, anapata meseji ndefu inayomwambia kosa ni lake. Mwanangu, samahani yenye "ila" ndani yake si samahani tena, ni hoja. Huenda hata ulikuwa na haki nusu. Haki nusu haikukulipa.

Na kuhusu zile simu 11. Simu ya mwenye biashara siku ya kazi haikai chini ya mchicha. Kama lazima uende sokoni asubuhi ya oda, mwachie mtu mmoja simu na mpe mteja namba ya huyo mtu tangu jana yake. Uniwie radhi, nilichunguza kidogo. Namba ya biashara uliyoniandikia nimeipiga mara mbili. Ya kwanza nikapokewa kwa "Haloo, nani mwenzangu?" Ya pili: "Yuko sokoni, piga baadaye," na simu ikakatwa kabla sijaitikia shikamoo yake, ambayo kwa kweli hakunipa. Mtu anayetaka kukupa kazi ya laki kadhaa akiulizwa nani mwenzangu anajiona amepotea nyumba. Wafundishe kupokea kwa salamu na jina la biashara, na kumaliza kwa "nikupigie saa ngapi mama?" Huku kwetu mtu hujasalimiana naye bado hujaanza kuongea naye, na Wagogo wenyewe wana salamu ndefu za kukufundisha subira. Mpe mteja japo nusu yake.

Hayo mengine uliyoyaita madogo, moja silioni dogo. "Ile hela tuma kwa namba hii"! Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Hiyo ni sentensi ya matapeli neno kwa neno, hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajatumiwa. Watu wameelekezwa meseji kama hizo wazipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, na huenda wateja wako wameshaipeleka yako. Wapigie mmoja mmoja kwa namba wanayoifahamu, wasikie sauti yako, uwaeleze umebadilisha. Bora zaidi chukua lipa namba kwa jina la biashara, mtu akitaka kulipa aone jina analolijua. Iandike kwenye ankara zako, isibadilike tena kila ukipata laini ya ofa.

Bei iweke wazi. Najua mnaogopa wapinzani waione, lakini mpinzani akitaka bei yako anamtuma shemeji yake aulize. Anayebaki gizani ni mteja, ambaye ana watu watano wa kuwauliza na bosi anayesubiri makadirio kabla ya saa 6. Andika sahani ya pilau na nyama inaanzia shilingi ngapi, ndani yake kuna nini, maji na matunda yamo au hayamo, usafiri ni juu ya nani, na kuanzia watu wangapi bei inashuka. Mwenye fungu dogo atajiondoa mwenyewe bila kukupotezea muda.

Nembo iache mpaka baada ya Juni.

Kwa yule dada, nenda mwenyewe. Usimtume kijana na usimwandikie kwanza kuomba nafasi, maana atakujibu sawa. Usiende Jumatatu, ofisi nyingi asubuhi hiyo watu wako kwenye vikao vyao. Usibebe zawadi wala bahasha, utamweka pabaya kazini kwake. Ukifika mwambie maneno machache: "Dada, siku ile nilikuaibisha mbele ya wageni wako. Oda niliipokea vibaya na simu sikupokea. Halafu nikakuandikia kama mwenye kosa ni wewe. Nimekuja kukuomba radhi." Nyamaza hapo. Najua utatamani kuongeza maelezo ya saa za Kiswahili. Meza mate.

Akikupa nafasi ya kuongea, mwonyeshe ile fomu ya oda mnayoijaza siku hizi, na umwambie ukipewa kazi nyingine utamsomea oda yake kabla ya kuwasha jiko. Asipokupa, mshukuru uondoke. Huyo anayepeleka chupa zake pale sasa naye ana siku yake ya kuchelewa, na dada atakumbuka nani alikuja kwa miguu yake.

Nenda Jumanne, uwe pale saa 3 na nusu. Asubuhi.